Mtoto asiyekula ngano katika safari ya umra

Likizo za shule zinakaribia, na kwenye meza ya kamati yetu ya msikiti orodha za wanaokwenda umra zimeanza kujaa. Mwaka huu limejitokeza swali ambalo huko nyuma halikuwa likiulizwa. Wazazi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wametaka kujua namna ya kumpeleka Makka na Madina mtoto ambaye daktari amemkataza gluteni. Wamelileta kwetu kwa kuwa wanajua kwamba nasi nyumbani tunaye binti wa miaka 7 mwenye ugonjwa wa siliaki, na kwamba tumekwisha kusafiri naye katika Miji Mitukufu miwili, na kabla ya hapo Muscat kwa jamaa zetu. Tuliwajibu kwa mdomo. Kisha tukaona ni vyema jibu likae katika ukurasa huu wa familia, kwani wapo wengine ambao hawatufikii.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika, na mkate uumuke. Kinga ya mwili wa mwenye siliaki huichukulia protini hiyo kuwa adui, na katika kupambana nayo huharibu vinyweleo vidogo vya utumbo mwembamba, ambavyo ndivyo hufyonza chakula. Mtoto hula na asinawiri. Tumbo huvimba, choo huharibika, damu hupungua, kimo husimama pale pale mwaka baada ya mwaka. Ugonjwa huu hauambukizi. Si hasadi wala si jini, ingawa tunazijua nyumba ambazo zilitafuta tiba upande huo kwa miaka kabla ya kipimo cha damu kusema kweli. Dawa ya kumeza haijapatikana. Tiba ni kuiacha gluteni kabisa, maisha yote.

Neno “kabisa” ndilo linalowashinda jamaa. Shangazi mwenye mapenzi humega kipande cha andazi na kusema, kidogo tu hakimdhuru mtoto. Basi tutazame hesabu. Kipande kimoja cha mkate wa ngano huwa na gluteni ya gramu 2 hivi, au zaidi. Utafiti uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa wa siliaki miligramu 50 tu za gluteni kwa siku, kwa miezi mitatu, na utumbo ukaonekana kudhurika. Miligramu 50 ni kama sehemu moja ya 40 ya kipande kile cha mkate. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachouzwa kwa jina la kutokuwa na gluteni kisizidishe miligramu 20 katika kilo nzima. Hapo shangazi huona mwenyewe kidogo chake kinaangukia upande gani.

Wapo wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu yaliyotufikia kwa ndege. Ni kweli kwamba aliyethibitisha chanzo chake alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Katika njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, mkate uliadimika nchini mwake, na ilionekana kuwa watoto wenye maradhi haya, waliotarajiwa kudhoofu zaidi kuliko wenzao, walipata nafuu. Mkate uliporejea, nao maradhi yakawarejea. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo. Lakini miongoni mwa jamii zilizopatikana na ugonjwa huu kwa wingi mno duniani ni ndugu zetu Waislamu wa Sahara Magharibi. Uchunguzi wa watoto wao uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta karibu watoto 6 katika kila 100 wanao, ilhali katika jamii nyingi za Ulaya hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika 100. Watoto wale ni wa jangwani, chakula chao mkate na kuskusi. Basi hakuna wa kumwambia mzazi wa Kariakoo au wa Mji Mkongwe kwamba amejitafutia ugonjwa wa kisasa.

Tahadhari moja kabla hatujapanda ndege. Mzazi anayemshuku mtoto wake asikimbilie kumwachisha ngano. Kipimo cha damu hutafuta kinga ambayo mwili wa mgonjwa huitengeneza anapokula gluteni, na mtoto aliyekwisha kuachishwa anaweza kuonekana mzima naye ni mgonjwa. Kwanza kipimo, kisha mlo. Na ikithibitika, ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika nasaba.

Sasa tuje kwenye safari. Wazazi wengi wakituuliza huanza na maduka: je, Makka kuna biskuti zisizo na gluteni? Zipo, na tutazitaja. Ila tulichojifunza kwa binti yetu ni kwamba duka ndiyo sehemu nyepesi ya safari hii. Sehemu nzito ni mikono ya watu wema. Katika Haram mbili kila mtu anatafuta thawabu, na njia iliyo karibu zaidi ya kuitafuta ni kumlisha mgeni wa Allah, na mgeni apendezaye kulishwa kuliko wote ni mtoto mdogo aliyevaa baibui lake la kwanza. Baina ya swala ya alasiri na magharibi, katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.), tuliwahesabu watu watano waliosimama mbele ya binti yetu: mzee wa Kituruki na peremende, mama wa Kimisri na keki ndogo ya karatasi, kijana wa pale pale Madina na boksi la maamul. Kila mmoja alikuwa na tabasamu, na kila mmoja angevunjika moyo kuona mkono wa baba unamzuia mtoto.

Mtoto wa miaka 7 hukubali kwamba keki itamuumiza tumbo, kwani amekwisha kuumwa na anakumbuka. Analoshindwa kulikubali ni kuwa yeye pekee ndiye asiyepewa. Watoto wote wa msafara wanapokea, wanashukuru, wanakula, naye anakaa ameziba mikono kwenye mapaja. Mara ya tatu alilia, na hakulia kwa njaa.

Mama yake ndiye aliyebuni dawa, nasi tunaiandika hapa kwa ridhaa yake. Alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye kamba, aliokuwa akiuvaa begani muda wote. Ndani yake mlikuwa na vitu ambavyo binti anaruhusiwa kula, na vitu vyenyewe vikiwa vya kupendeza macho. Mtoto hababaishwi kwa kipande cha tango. Desturi ikawa hii: mtu akikupa, pokea kwa mkono wa kulia, mtazame, mwambie jazaakallahu khayran. Kisha njoo kwa mama. Mama anapokea keki na kukupa kashata, au tende iliyojazwa lozi, au kipande cha halawa, ukichagua mwenyewe. Keki ile inakwenda kwa mtoto mwingine au kwa mfagiaji wa uwanjani, nawe ndiye unayempelekea. Kuanzia siku hiyo alikuwa akiwasubiri wagawaji kama wenzake. Tena alikuwa na biashara ya ziada, kwani yeye alipokea mara moja na kutoa mara moja.

Mfuko huo hujazwa nyumbani, na hapa sisi wa pwani tumejaaliwa kuliko tunavyofikiri. Kashata za nazi na za karanga zisizotiwa unga, ubuyu, bisi, chipsi za mhogo na za ndizi, karanga za kukaanga, korosho, ufuta uliogandishwa kwa sukari: vyote hivi havina ngano kwa asili yake, na vinakaa wiki bila kuharibika. Vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele mtupu vikipikwa kwa njia ya kale, lakini havivuki siku ya pili katika joto, basi vifaeni kwa siku ya kuondoka tu. Angalieni mapishi ya siku hizi, maana wako wapishi wanaochanganya kijiko cha unga wa ngano ili kitumbua kikae vizuri, na wanaoongeza ngano kidogo kwenye bagia za dengu. Kaimati, visheti, mkate wa ufuta na tambi havina mjadala: ni ngano. Kashata zetu tulizipika wenyewe, katika sufuria ambayo haijawahi kukandiwa wala kukaangiwa andazi, tukazifunga mojamoja kwa karatasi za rangi. Zile karatasi ziliwashawishi hata watoto wa jamaa wengine.

Siagi ya karanga, jamu na asali huhesabiwa kuwa vimiminika katika ukaguzi wa viwanja vya ndege. Kopo la zaidi ya mililita 100 huweza kuzuiwa kwenye mzigo wa mkononi, basi litieni katika sanduku kubwa.

Ndani ya ndege, chakula kisicho na gluteni huombwa kwa alama ya herufi nne, GFML, siku mbili au angalau saa 24 kabla ya kuruka. Abiria mmoja kwa kawaida hupewa ombi moja tu la chakula maalumu. Anayemwandikia mtoto chakula cha watoto, au chakula cha Kiislamu, hawezi kumwandikia na hicho cha pili. Katika mashirika ya nchi za Ghuba nyama ni ya halali kwa abiria wote, basi chagueni GFML bila wasiwasi. Katika shirika la Ulaya mambo ni mengine, na ulizeni mapema kilichomo. Wakati wa kwenda, trei ya binti yetu ilikuja sahihi kabisa, na juu yake mhudumu, kwa ukarimu, akaweka mkate wa mviringo kutoka kapu la abiria wote. Wakati wa kurudi trei haikuja. Safari ya kubadilisha ndege Doha, Dubai au Addis Ababa huweza kula siku nzima pamoja na kungoja, kwa hiyo mfuko wa mkononi ubebe chakula cha siku nzima, kana kwamba ndege haina jiko.

Baada ya kushuka, wazazi waliosoma madrasa watafurahi. Kiarabu kile walichochapiwa fimbo utotoni kitawafaa mbele ya rafu ya duka. Bidhaa za pakiti nchini Saudia huandikwa kwa Kiarabu, na viungo hutanguliwa na neno al-mukawwinaat. Tafuteni humo qamh, au hinta, ambayo ni ngano. Daqiiq ni unga. Samiid ni semolina. Shaiir ni shayiri. Shuufaan ni oti. Oti kwa asili si ngano, lakini mashambani na viwandani huchanganyika nayo mno, basi iacheni isipokuwa pakiti yenyewe imethibitisha. Nashaa ni wanga, na hapo lazima mwendelee kusoma: nashaa adh-dhura ni wanga wa mahindi na hauna neno, ila nashaa al-qamh ni wa ngano. Maneno yahtawii alaa yanasema “kina”, na qad yahtawii alaa yanasema “huenda kina”. Sisi kwa mtoto huyu “huenda” tunaihesabu kuwa “ndiyo”. Yanayotafutwa ni khaalii minal-gluutiin, na neno hilo la mwisho huandikwa pengine kwa jimu na pengine kwa ghaini, kwa hiyo msidhani ni vitu viwili.

Liko neno moja la kuhadaa. Wali wa mahotelini huletwa pengine ukiwa na vinyuzi vya rangi ya kahawia, viitwavyo shairiyya. Jina linafanana na shayiri, na mwenye kujua maana ya asili hutaka kutoa hotuba ya lugha. Ni tambi za ngano. Kwa namna yoyote ile, mtoto hali wali huo.

Kwa wasioandika Kiarabu, tuliandaa kadi yenye sentensi moja, tukaifunika kwa plastiki: Ibnatii laa taakulu al-qamha walaa ash-shaiira walaa ayya shay-in fiihi daqiiq. Maana yake: binti yangu hali ngano, wala shayiri, wala kitu chochote chenye unga. Anayekwenda na mtoto wa kiume aseme ibnii laa yaakulu. Iandikwe kwa herufi za Kiarabu na mwalimu wa madrasa. Hata hivyo wauzaji wengi katika vichochoro vya Makka ni ndugu wa Pakistan, India na Bangladesh, na kadi yetu ilikuwa ikisomwa kwa adabu na kurudishwa. Siku ya pili mama wa chumba jirani, mwenye asili ya Gujarat, alitufundisha kuuliza kwa neno moja: maida? Ndilo jina la unga mweupe wa ngano katika lugha zao. Neno hilo moja lilifanya kazi kuliko nahau yote tuliyosomeshwa chuoni miaka minne.

Katika maduka makubwa, kama ya BinDawood ambayo yapo karibu na Haram zote mbili, hupatikana bidhaa za kampuni ya Schär ya Italia: biskuti, mkate mkavu, pengine keki ndogo. Bei yake ni mara kadhaa ya biskuti za kawaida. Sisi tulinunua pakiti mbili tu, na tulizitumia kwa chai ya asubuhi, kwa kuwa mtoto naye anapenda kutumbukiza kitu ndani ya kikombe.

Lakini peremende zilizo bora kwa mtoto huyu hazipo kwenye rafu ya wagonjwa. Ziko kwenye duka la kila mtu. Tende kwanza: Ajwa, Safawi, Sukkari, Ambar, tunda kamili kama lilivyoshuka mtini, halina gluteni hata chembe. Ndani yake wekeni lozi au jozi, na hapo mna tamtamu ambayo mgawaji yeyote ataionea wivu. Muwe waangalifu na tende zilizokatwakatwa, kwa kuwa baadhi hunyunyiziwa unga zisigandane, pamoja na zile zilizojazwa biskuti au kuvikwa chokoleti ambayo muuzaji hajui kilichomo. Halawa ya tahini ni ufuta na sukari. Simsimiyya ni ufuta, hummusiyya ni dengu za kukaangwa, zote zimegandishwa kwa sukari au asali. Muhallabia huwa ni maziwa na unga wa mchele au wanga wa mahindi. Ulizeni ni upi, kisha mle. Wali wa maziwa, ruz bil-haliib, ulimfanya binti yetu aseme kwamba Makka ina uji mtamu kuliko wa bibi yake, maneno ambayo tumemwomba asiyarudie nyumbani.

Zilizobaki ndizo zinazong’aa vioo vya maduka: kunafa ni nyuzi za ngano, basbusa ni semolina, baklawa ni ngano, luqaymaat ni kaimati zetu kwa jina la Kiarabu, na maamul, ingawa moyo wake ni tende, kanzu yake ni semolina au unga. Pitieni mbele ya kioo bila kusimama. Aisikirimu iwe ya kikombe, kwani koni ni ngano, na mwombeni muuzaji atumie kijiko kisafi, hasa penye ndoo ya vipande vya biskuti. Chipsi za viazi hazina ngano, lakini mafuta yake mara nyingi ndiyo yaliyokaangiwa kuku wa kuviringishwa unga na sambusa. Tuliziacha.

Kwenye meza ya hoteli ambapo kila mtu hujipakulia, nendeni wa mwanzo. Saa ya kufunguliwa, sahani ya jibini bado ni ya jibini tu. Baada ya nusu saa kijiko cha humusi kimekwisha kuzuru bakuli la mikate na kurudi. Mayai ya kuchemsha, mtindi, matunda yenye maganda, wali mtupu: hivyo vinamtosha mtoto asubuhi na mchana.

Talbina tumeulizwa mara mbili, kwa kuwa ni katika vyakula vilivyotajwa kwa kheri katika Sunna, nayo huuzwa kwenye makopo huko. Talbina ni uji wa shayiri, na shayiri ina gluteni. Kinachomtibu mtu mmoja chaweza kumdhuru mwingine, na sharia haikumlazimisha mgonjwa kutumia dawa imdhuruyo. Mtoto wa siliaki apewe asali na tende, navyo pia vimetajwa.

Kuhusu kukataa chakula cha mwenyeji, jambo ambalo kwetu watu wa pwani ni zito kuliko maradhi yenyewe, tunawakumbusha kisa kilichomo katika vitabu sahihi vya hadithi. Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya kenge wa jangwani nyumbani kwa mama wa waumini Maymuna. Alipojua ni nyama gani aliondoa mkono wake, akaeleza kwa upole kwamba si haramu ila haiko katika nchi ya watu wake, naye hana hamu nayo. Khalid bin Walid akaivuta sahani na kula, Mtume akimtazama. Mwenyeji hakuvunjiwa heshima, aliyekula hakulaumiwa, aliyeacha hakulazimishwa. Ikiwa kuacha kwa kutokuwa na hamu tu kumeruhusiwa mbele ya sahani, kuacha kwa ajili ya utumbo wa mtoto kuna haki zaidi.

Tulikihitaji kisa hicho Muscat zaidi ya Makka. Huko jamaa wanazungumza Kiswahili cha Unguja kana kwamba hawakuvuka bahari, kwa hiyo kueleza si tabu. Tabu ni halua. Inaletwa na kahawa, ya moto, ina zafarani na lozi, na mama mkubwa ameiagiza maalumu kwa ajili ya wajukuu. Halua ni sukari, samli na wanga, na swali zima limo katika wanga. Wapo wapishi wanaotumia wa mahindi, na wapo wenye kushika njia ya zamani ya wanga wa ngano. Hata hapa kwetu ulizeni, kwani wapishi hawafanani. Mama mkubwa alisema ni wanga tu, mwanangu, si ngano. Tulimwomba kwa heshima ampigie simu mpishi. Akapiga, akasikiliza, akakata simu, akaisogeza sahani upande wa wajomba. Kisha akaingia jikoni mwenyewe na kupika muhallabia ya mchele katika sufuria mpya aliyoitoa kwenye boksi. Wazazi wapige simu hiyo. Ni dakika mbili, na mwenyeji anapolisikia jibu kwa sikio lake hamlaumu tena mtu yeyote.

Wenye jamaa Uingereza watakuta urahisi na ugumu. Sheria huko inataka viungo vyenye kuleta mzio, vya aina 14, vitokeze kwa herufi nzito au kwa alama nyingine katika orodha, na nafaka itajwe kwa jina lake: wheat, barley, rye, oats. Tangu Oktoba 2021 sharti hilo limefika pia kwenye sandwichi na keki zinazofungwa pale pale dukani. Chagueni pakiti iliyoandikwa gluten free. Iliyoandikwa wheat free imeondolewa ngano pekee na huenda ina shayiri. Sharubati ya glukosi, hata ikitokana na ngano, imesafishwa kiasi cha kusamehewa na sheria. Lakini peremende laini za kutafuna, ambazo nyingi hazina gluteni, hutiwa jelatini, na jelatini huwa mara nyingi ni ya nguruwe. Hapo mzazi Mwislamu ana kufuli mbili katika mlango mmoja, na lebo lazima isomwe mara mbili: kwa jicho la daktari, kisha kwa jicho la halali. Zenye pektini ya matunda kwa kawaida hufungua kufuli zote mbili.

Limebaki suala la zawadi. Hakuna anayerudi kutoka umra bila boksi la maamul, wala hatuwaambii wasomaji wawanyime ndugu. Yetu tuliyafunga kwa mifuko miwili ya nailoni na kuyatia katika sanduku lisilokuwa na nguo wala chakula cha binti. Naye tulimpeleka soko la tende la Madina akiwa na riali 40 zake mwenyewe. Alionja nne, akachagua Sukkari, akapunguziwa bei riali tano kwa kujibu kwa Kiarabu cha madrasa, na mchana wa Ijumaa tuliporudi alikaa barazani na bakuli mapajani akiwagawia watoto wa mtaa wote tendembilimbili.